Tawi limevuka mpaka: namna ya kumaliza shauri la mti na jirani, Tabora na Kigoma

Ugomvi wa mti wa mpakani huchomoza nyakati mbili kwa mwaka. Kwanza ni Oktoba na Novemba, upepo wa mvua za kwanza unapopiga na tawi la mwembe linapoanza kukwaruza bati usiku kucha. Pili ni maembe yanapoiva, watoto wanarusha mawe na kila upande unadai mavuno ni yake. Katikati ya nyakati hizo kila mtu amenyamaza, na huo ukimya ndio wakati mzuri wa kulimaliza jambo.

Mjini Tabora na kule Ujiji, miembe mingi ni mizee kuliko nyumba zilizo chini yake. Mti ulipandwa uwanja ukiwa mmoja. Baadaye viwanja vikagawanywa, vikauzwa, vikarithiwa, na mpaka ukapitishwa chini ya matawi yaliyokwisha kutanda. Kwa hiyo mara nyingi hakuna aliyemchokoza mwenzake. Ni mstari uliokuja nyuma ya mti.

Shika jambo moja kabla ya kushika panga. Sheria inakuruhusu kukata tawi hadi mpakani. Mti wenyewe unataka ukatwe mahali pengine, kwa kawaida mita moja au mbili ndani ya kiwanja cha jirani. Hapo huwezi kufika bila ruhusa yake, ndiyo maana ruhusa ya jirani ina faida kubwa kuliko haki yako.

1. Tafuta mpaka ulipo kweli

Ua wa michongoma au minyaa si mpaka. Ua huhama: mtu anapanda mche mpya nusu mita mbele, miaka kumi inapita, na wote wanaamini pale ndipo. Kwenye kiwanja kilichopimwa mpaka ni mstari ulionyooka kutoka bikoni moja (alama ya pembe iliyowekwa na mpima) hadi nyingine, na namba za bikoni hizo zimo kwenye ramani iliyoambatana na hati yako. Bikoni ikiwa imefukiwa na udongo, chimba taratibu kuizunguka bila kuitikisa. Kung'oa au kuhamisha bikoni ni kosa la jinai, hata kama nia yako ilikuwa kuiweka sawa. Ikiwa haionekani kabisa, nenda idara ya ardhi ya halmashauri ukaombe mpima aje airudishe, na jirani awepo siku hiyo. Mpaka uliopimwa jirani akiwa hayupo atauita mpaka wako.

Ukishaziona bikoni mbili, funga kamba ya fundi kutoka moja hadi nyingine na uikaze. Chukua fito ndefu ya mwanzi, funga timazi, yaani kitu kizito kinachoning'inia kwa uzi, kwenye ncha yake, inua mpaka ncha iguse tawi, kisha sogea mbele na nyuma hadi uzi wa timazi uning'inie sawasawa juu ya kamba. Hapo ndipo tawi linapovuka. Litie alama ya chokaa. Kwa macho tu watu hukosea kwa mita nzima, kwa sababu tawi lililoinama hudanganya anayelitazama kutoka chini.

Kwenye eneo lisilopimwa, ita wazee wanaoujua mpaka pamoja na mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji, mkubaliane alama moja kabla ya kuzungumzia mti. Ikiwa mpaka wenyewe una mgogoro, acheni mti. Maliza mpaka kwanza.

2. Jua mti ni wa nani

Mti ni wa yule ambaye shina limeota kwake. Shina likiwa juu ya mstari wenyewe, mti ni wenu wote wawili na hakuna anayeweza kuukata peke yake.

Sasa ugumu wake. Anayeishi kwenye nyumba hiyo anaweza kuwa mpangaji, na mpangaji hawezi kukupa ruhusa ya kukata mti wa mwenye nyumba. Au mwenye nyumba ni marehemu na warithi ni sita, mmoja Tabora, wengine Dar es Salaam. Hapo anayetakiwa ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si yule mtoto aliyebaki nyumbani. Kwenye michikichi ya Kigoma uliza swali moja zaidi: nani alipanda? Kwa mila za maeneo mengi mtu anaweza kuuza ardhi na kubaki na miti yake, na mchikichi unaozaa ni mali ambayo familia haiisahau. Ukikubaliana na mtu asiyehusika, umekata mti wa watu.

3. Chunguza tawi kabla ya kulalamika

Piga picha za simu kutoka pembe tatu: kwa mbali ionekane nyumba na mti mzima, kwa karibu tawi linapogusa bati, na moja ya kamba ya mpaka na timazi. Kisha tenganisha usumbufu na hatari. Majani yanayoziba gata, kivuli kwenye bustani ya mchicha, maembe yaliyooza uani: huo ni usumbufu, unasubiri msimu wake. Hatari ni tawi kavu lisilo na jani hata moja wakati mengine yamechipua, uyoga chini ya shina, ufa pale tawi linapoachana na shina, au njia za udongo za mchwa zinazopanda hadi juu. Gonga shina kwa mpini wa nyundo. Likitoa sauti ya ngoma, ndani kuna uwazi. Mti wa namna hiyo usiusubirishe Novemba.

Tawi likigusa nyaya za umeme, hapo hakuna mazungumzo ya majirani. Toa taarifa ofisi ya TANESCO, na mtu yeyote asipande wala kuegesha ngazi. Tawi bichi lina maji na linapitisha umeme.

4. Mwendee mwenyewe, mchana, bila jeshi

Nenda peke yako au na mwenzi wako. Usimtume mtoto. Usianzie kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu jirani akisikia jambo lake kwa kiongozi kabla ya kulisikia kwako, umeshamshtaki. Nenda asubuhi ya siku isiyo na pilikapilika, na usiende siku ile tawi lilipovunja bati, maana utaongea kwa hasira.

Maneno hayahitaji ufundi. Yanatosha haya:

"Shikamoo mama. Nimekuja kwa habari ya ule mwembe wa mpakani. Tawi la juu ya bati langu, upepo ukija linakwaruza, na mvua ziko karibu. Naomba ufike upande wangu ulione kwa macho yako, kisha unishauri tufanyeje."

Kumwomba aje upande wako ndiko kunakofanya kazi. Wengi hawajawahi kuuona mti wao kutoka kwa jirani. Wanauona ukiwa na kivuli na matunda, hawauoni ukiwa na bati lililotoboka. Akifika, mwonyeshe tawi moja. Usimwonyeshe matano. Ukitaja matano atasikia kwamba unataka mti wote.

Mwambie pia mapema kwamba kuni na maembe ni yake. Kwanza ni kweli kisheria, pili ndilo jambo linalomtia wasiwasi zaidi.

Sheria inasimama wapi

Kanuni inayoongoza ni ya sheria ya kawaida ya Uingereza (common law), yaani ile inayotokana na hukumu za mahakama. Kanuni za aina hiyo zilizokuwapo hadi 22 Julai 1920 hutumika nchini kujaza pengo pale sheria zetu ziliponyamaza, kwa kadiri zinavyofaa mazingira yetu. Katika kesi ya Lemmon dhidi ya Webb, ya miaka ya 1890, ilikubalika kwamba tawi likivuka mpaka jirani anaweza kulikata hadi kwenye mstari hata bila kutoa taarifa, mradi asiingie kwenye ardhi ya mwenye mti. Kwa hiyo ngazi yako isiegemee upande wake, na usipande juu ya shina lake. Tawi lililokatwa na matunda yake vinabaki kuwa mali ya mwenye mti. Ukiyauza maembe hayo, umeuza ya mtu.

Ukipita mstari hata kidogo bila ruhusa, mambo yanageuka. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na mwembe unaozaa una thamani. Mthamini Mkuu wa Serikali hutoa viwango vya fidia ya mazao, na mti wa matunda uliokomaa umo humo. Kumwaga mafuta ya taa au chumvi kwenye mizizi, au kubandua gamba kuzunguka shina ili ukauke polepole, ni kosa lilelile, tena la kijinga, kwa kuwa mti mkavu utaangukia nyumba yako wewe.

Mti wa asili, hasa mninga, usiuguse kabla ya kumwona ofisa misitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina utaratibu wake wa vibali, na kusafirisha magogo bila kibali kutakuingiza kwenye matatizo hata kama jirani ameridhia.

5. Andikeni

Ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Kinachoharibu makubaliano ya mdomo ni neno "kupunguza". Kwa mwenye bati, kupunguza ni nusu ya mti. Kwa mwenye mti, ni vijiti viwili. Andikeni tawi gani na likatwe wapi, kama hivi:

"Sisi majirani wa kiwanja Na. … na kiwanja Na. …, Mtaa wa …, tumekubaliana leo tarehe …. Tawi la pili kutoka chini, upande wa magharibi wa mwembe, lenye alama ya chokaa, litakatwa kwenye shingo yake, pale linapoungana na shina. Matawi mengine hayataguswa. Kazi itafanyika mwezi Februari, wote wawili tukiwapo. Mwenye bati atamlipa mkataji. Kuni zote ni za mwenye mti, naye ataziondoa ndani ya siku saba. Ukuta, bati au ua ukivunjika wakati wa kazi, atakayelipa ni …. Machipukizi yatapunguzwa kila Februari kwa gharama ya …."

Sahihi zenu, shahidi mmoja kila upande, na mwenyekiti wa mtaa. Nakala tatu, moja ibaki ofisi ya mtaa. Nafasi ya nani analipa kitu kikivunjika msiiruke kwa kuoneana haya. Fedha iliyoahidiwa kwa maandishi ni deni la mkataba, na Mahakama ya Mwanzo inaweza kulisikiliza. Ahadi ya mdomo itabaki mashahidi wako dhidi ya wake.

6. Chagueni mwezi

Mwembe huchanua kuanzia majira ya baridi, Juni na Julai. Ukikata Juni umekata maua, na mwenye mti atahesabu kila ndoo aliyoikosa. Kata baada ya mavuno, Januari ikiisha hadi Machi, kwenye siku chache zisizo na mvua, gamba likiwa limekauka. Gamba lililolowa linateleza, na ugonjwa wa madoa meusi husambaa kwa maji. Tawi lenye hatari halingoji msimu. Litolewe kabla ya Oktoba, na mwenye mti aelezwe kwamba atapoteza maua ya tawi hilo tu.

Msiondoe zaidi ya robo ya majani yote kwa mwaka. Kazi ikiwa kubwa, igawanyeni miaka miwili.

7. Kukata tawi bila kupasua shina wala bati

Watu watatu wasipungue: mkataji, mshika kamba, na mmoja wa kuzuia watoto na wapita njia. Vifaa ni msumeno wa mkono au chenso, kamba imara yenye urefu mara mbili ya kimo cha tawi, na ngazi iliyofungwa kwenye shina. Panga si la kazi hii. Panga hupasua na kuacha nyuzi zinazokaa na maji, na hapo ndipo mchwa na uozo huingilia. Vaa nguo ya mikono mirefu. Utomvu wa mwembe huunguza ngozi, na ule wa mnyaa ukiingia jichoni ni hospitali moja kwa moja. Kwa miti yenye nyuki, na Tabora ni nchi ya nyuki, mwite mfugaji nyuki awahamishe usiku. Msichome moto.

Kwanza funga kamba. Ifunge kwenye tawi lenyewe, theluthi mbili kutoka shinani, ipitishe juu ya panda ya tawi jingine lenye nguvu lililo juu yake, kisha mshika kamba aizungushe mara mbili kwenye shina na kushika ncha. Ile mizunguko miwili ndiyo breki. Mtu akishika kamba mikononi tu, tawi bichi la mwembe lenye unene wa paja litamvuta au litamchana viganja.

Kisha mikato mitatu, kwa mpangilio huu:

Mkato wa kwanza unaanzia chini ya tawi, kiasi cha sentimita 30 hadi 40 kutoka shinani, na unaingia robo hadi theluthi ya unene. Ukizidi hapo tawi litaubana msumeno.

Mkato wa pili unaanzia juu, sentimita 5 hadi 10 mbele ya ule wa kwanza kuelekea nje. Tawi litavunjika kati ya mikato hiyo miwili na kubaki limening'inia kwenye kamba. Ukiuruka mkato wa chini, tawi likianguka litabandua gamba la shina hadi chini, na jeraha hilo halifungi.

Mkato wa tatu ni wa kisiki kilichobaki. Tazama pale tawi linapoungana na shina: pana uvimbe kama pete, wenye mikunjo. Hiyo ndiyo shingo. Kata nje kidogo ya uvimbe huo, usiuingie, wala usiache kisiki kirefu kama kigingi cha nguo. Uvimbe ndio unaozalisha gamba la kufunika jeraha. Ukiukata, jeraha linabaki wazi. Ukiacha kisiki, kinaoza na kuupeleka uozo ndani ya shina.

Na hapa ndipo penye tofauti niliyoitaja mwanzo. Anayekata kwa haki yake anakata mpakani, katikati ya tawi, mbali na shingo. Kisiki hicho huchipua machipukizi kumi au zaidi kwa pamoja, yakashikamana na gamba tu, na baada ya misimu miwili mna kichaka kizito kuliko tawi la kwanza, dhaifu zaidi kwa upepo. Mwenye haki amerudi alipoanza. Ikiwa jirani amekataa kabisa na ni lazima ukate mpakani, tafuta kitawi cha pembeni kilicho karibu na mstari upande wako, chenye unene wa angalau theluthi ya tawi, ukate mbele yake ili kitawi hicho kivute maji. Kitakaa upande wako, lakini ni kidogo na utakiongoza.

Usipake lami wala rangi kwenye jeraha. Ila matawi yaliyokuwa kivulini na sasa yanapigwa na jua, yapake chokaa iliyokorogwa kwa maji, gamba lisiungue.

Mchikichi ni mambo mengine. Hauna matawi, una makuti na moyo mmoja juu. Ondoa makuti makavu na yaliyolala, uache yanayoshikilia mikungu. Moyo ukikatwa, mti wote umekufa. Hatari yake ni mkungu unaoanguka na miiba ya shina la kuti. Kama mchikichi unaegemea kwako, jambo la kukubaliana ni nani avune na lini, mikungu isisubiri kudondoka yenyewe.

Mizizi

Mzizi unaonyanyua sakafu au kuingia kwenye karo unaukata upande wako kwa kanuni ileile ya tawi, ila kuna kipimo. Pima upana wa shina, uzidishe mara tano, na usichimbe karibu zaidi ya hapo. Shina la sentimita 60 linataka mita 3. Ukikaribia zaidi unakata mizizi inayoushikilia mti usianguke, na ukianguka mlalamikiwa ni wewe. Kata kwa msumeno, sio sururu, kisha fukia siku hiyohiyo. Kwenye miteremko ya Kigoma, mti ukikatwa wote acha kisiki na mizizi ardhini, maana ndiyo inayoshika udongo wa aliye juu usimshukie wa chini.

Akikataa

Mwandikie barua fupi yenye tarehe, picha, na siku 14 za kujibu. Mpe mbele ya shahidi. Barua hii ina kazi moja kubwa: tawi likianguka baadaye, hawezi kusema hakujua.

Kisha mwenyekiti wa mtaa. Kijijini, nenda Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni wanawake. Likishindikana, Baraza la Kata. Wengi bado wanadhani Baraza la Kata linahukumu. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 kazi yake kwenye ardhi ni kusuluhisha tu. Likishindwa linatoa cheti, nawe unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 tangu ulipofungua shauri bila usuluhishi, unaweza kwenda Wilaya bila cheti, kwa hiyo tunza karatasi inayoonyesha tarehe uliyofungua. Nenda na ramani ya kiwanja, picha, barua, na makadirio ya fundi wa bati kwa maandishi. Usiende na tawi lililokwisha kukatwa. Ushahidi wako ni tawi likiwa bado mtini.

Mwaka unaofuata

Februari ikirudi, pandeni tena na daftari lenu. Machipukizi yaliyoota karibu na jeraha yang'oeni yakiwa laini, kwa kidole gumba, yanabanduka na kikonyo chake bila kuacha jicho. Yakishakuwa magumu yanahitaji msumeno. Acheni moja au mawili yanayoelekea upande wa mwenye mti, ndiyo yatakayokuwa matawi yake ya kuzaa.